Bangili Iliyolala

Bi Hilja Moilanen alikutwa Jumanne asubuhi kwenye sakafu ya sauna yake, chumba cha kuogea mvuke, mjini Oulu, nyonga imevunjika, bangili ya dharura mkononi haina hata mkwaruzo. Alimwambia jirani, "Nilibonyeza, nikangoja." Kufika adhuhuri alikuwa ameaga dunia.

Kampuni ya bangili ilimwita Rauha Kettunen, mpelelezi wa mitambo. Alikuta mkosaji ameshachaguliwa: Vieno, binti aliyeandika programu ya king'ora. Kesho yake angefukuzwa kazi na kukabidhiwa polisi.

"Dada, naapa inalia." Vieno alibonyeza bangili ya majaribio mezani, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Ikalia.

"Na huo waya hauchomolewi?" Rauha aliuliza.

"Hata siku moja. Ndio unaotuonyesha yanayoendelea ndani."

Mkuu wa Vieno, Ilmari, ndiye aliyeandika sehemu ya usingizi, ile inayosimamisha saa ya ndani, inayoendesha kila kitu, bangili ikikosa kazi, ili betri idumu. "Mwezi mzima bila kuchaji!" alijigamba. "Usingizi wangu hauna kosa. Mbane huyo wa king'ora."

Rauha aliutazama ule waya. Mgeni akiwa sebuleni, mwenye nyumba hasinzii. Je, bangili inayochunguzwa kwa waya nayo hulala?

Wakati wa kahawa alitoa bangili zilizokaa dirishani tangu asubuhi bila waya. Vieno alibonyeza moja. Kimya. Machozi yakamlengalenga.

Ilmari akacheka, akachukua nyingine, akabonyeza, akabonyeza tena. Ikalia. "Si hiyo? Mnatupigia kelele za bure."

"Hebu na hii," Rauha alisema, akimsogezea ya tatu.

Akabonyeza mara mbili.

"Mbona mara mbili, Ilmari?"

"Mazoea tu."

"Mazoea umeyatoa wapi? Mezani, kwenye waya, mara moja inatosha. Anayebonyeza mara mbili ni yule anayejua kwamba ya kwanza inaamsha saa tu, halafu inapotea."

Ilmari aliweka kikombe chini. Akasema, "Nilijua tangu majira ya baridi. Kurekebisha kungekula betri, na mwezi mzima nilikuwa nimeshauahidi. Nikajiambia, mtu akiwa na shida atabonyeza tena na tena."

"Ukamwacha binti wa watu abebe mzigo wako."

Rauha alikuwa na hasira, lakini huzuni ilizidi.

"Mama yako yu hai?"

"Yupo. Anavaa bangili hiyo hiyo."

"Akianguka, atabonyeza mara ngapi?"

Ilmari aliirudisha bangili mezani.

"Moja," alisema. "Hapendi kusumbua watu. Atangoja."