Mahari Yangu ni Injini ya Kisima

"Si umeshaichora, Kowsar? Picha inatosha," Yahye aliniambia kwenye simu, siku tatu kabla ya nikaha yetu.

Nilikuwa nimekaa mbele ya picha yenyewe, rangi imenijaa mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa picha ya injini kuukuu ya dizeli iliyovuta maji ya kisima chetu hapa Modogashe kabla ya kuletwa pampu za sola. Baba yangu, Sugow, aliizungusha kwa mkono kila alfajiri miaka ishirini na sita, na mwaka wa ukame mbaya mji mzima ulinyweshwa na chuma hicho. Sasa mzee Shuaib, baba yake Yahye, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa ameinunua. Ijumaa, siku ile ile ya nikaha, lori lingekuja, ikatwe vipande.

"Yahye, na mimi nikikatwa vipande, picha yangu itakutosha?"

Akasema yeye habishani na baba yake, hajawahi. Nikamkatia simu. Nilimpenda, na siku hiyo nilimchukia kwa woga wake.

Kesho yake akaniandikia: "Baada ya harusi tutaongea, mpenzi."

Nikamjibu: "Baada ya harusi injini itakuwa imeshayeyushwa kuwa sufuria."

Ijumaa ikafika. Kwetu, kabla ya kufunga nikaha, sheikh humuuliza bibi harusi mwenyewe anataka mahari gani. Shangazi Saynab alikuwa ameshanifundisha niseme dhahabu. Sheikh akasimama mlangoni na baba yangu na mashahidi wawili, akaniuliza.

"Nataka ile injini ya kisima. Nzima, bila kukatwa."

Shangazi akanifinya. Baba aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, nikajua analia. Mzee Shuaib hakungoja kuletewa jibu, alikuja mlangoni mwenyewe.

"Hii chuma nishauza. Dhahabu iko, ngamia iko. Achague."

"Adeer," nikamwita kama ami yangu, "kwa heshima yako, nimeshachagua. Bila hiyo hakuna nikaha."

Nyuma yake alisimama Yahye na kanzu yake mpya, jasho likimtiririka. Moyo wangu uliniambia ananiacha. Akapita mbele ya baba yake. Mtoto wa kiume kwetu hupewa ngamia jike siku anapozaliwa, na uzao wote wa ngamia huyo ni wake. Ndio utajiri pekee aliokuwa nao Yahye.

"Aabo," akamwambia baba yake, "chukua ngamia wangu wa kuzaliwa na watoto wake wote. Injini nipe mimi."

Mzee alikuwa hajawahi kubishiwa na mwanawe, sembuse mbele ya watu.

"Wallahi huyu msichana amekuroga," akasema. Lakini akatoa simu, akamwambia dereva wa lori ageuze.

Sheikh akaomba tuendelee. Mzee bado alikuwa amesimama mlangoni.

"Na hiyo takataka mtaweka wapi?"

Nilifungua mdomo, Yahye akanitangulia.

"Papo hapo ilipo, aabo. Tutaijengea paa kwanza, nyumba yetu baadaye."