Saruji kwenye Jengo la Carrick

"Kanga wametua," sauti ya mzee Respicius, mkuu wa Kulthumu, ilisikika kwenye kidude cha sikioni. "Umebakiwa na saa moja."

Maana yake wauaji wamekwishafika Durban; wangapi na tangu lini, haikujulikana.

Kulthumu alivuka robot, kama hapa wanavyoziita taa za barabarani, ikiwa nyekundu, akapita nyuma ya Ukumbi wa Jiji, lile jumba walilokwenda kuliiga Belfast, kwenye baridi, wakaja kulisimika hapa kwenye jua kali. Ujinga wa wenye fedha hauna dawa.

Saa tano kamili Vénérand, shahidi aliyepewa Kulthumu amlinde, angetoa ushahidi mahakamani. Alikuwa karani wa mgodi huko Bukavu. Wachimbaji kumi na mmoja walifukiwa wakiwa hai kwa amri ya magenge ya dhahabu, na aliyejua nani alitoa amri ni yeye peke yake. Akifa, kesi imekufa.

Alifichwa ghorofa ya tatu ya jengo la Carrick: tofali nyekundu, baraza za chuma, kuba la kijani, na juu ya mlango jina la tajiri wa sukari, utadhani miwa aliikata mwenyewe.

Leo jengo lilikuwa limezungushiwa jukwaa la mafundi.

Kulthumu aliingia saluni ya chini, akamuuliza Gracieuse, mwenye saluni, hao mafundi ni kina nani.

"Dada, ni ule muzungu wa koti muzuri, Arnaud," alijibu Gracieuse bila kuacha kusuka. "Anasema anajua nyumba za zamani. Tangu jana iko anatengeneza ukuta kule juu."

Kulthumu aliitazama mifuko iliyopangwa kando ya ngazi. Saruji.

Alicheka kwa pua. Baba yake alikuwa fundi wa Mji Mkongwe, Unguja, na chokaa alimfundisha kabla ya kusoma. Ukuta wa kale huvuta pumzi. Ukiupaka saruji umeuziba pua, nao huoza. Fundi wa majengo ya kale aje na saruji? Labda fundi wa kuua.

"Nimewapata," alinong'ona.

"Wangapi?"

"Mmoja. Koti zuri, kichwani hamna kitu."

Bastola ya Glock 19 mkononi, alipanda ngazi mbili mbili.

Kando ya mlango wa Vénérand palikuwa na kiraka cha kijivu, ukubwa wa sinia. Aliokota patasi ya mafundi, akaichomeka pembeni. Kiraka kizima kilibanduka, kikadondoka. Mpuuzi hakuulowesha hata ukuta!

Nyuma yake, bomu. Donge la baruti, simu ya Nokia, waya mbili.

Alichomoa kiwashio cha baruti pamoja na ile Nokia, akavizika kwenye ndoo ya mchanga ya mafundi, akarudi nyuma.

Paa!

Kiwashio kililipuka ndooni, mchanga ukaruka hadi darini. Donge la baruti lilibaki ukutani, kimya.

Alichungulia barazani. Ng'ambo ya barabara, ndani ya BMW nyeusi, mzungu wa koti zuri, Arnaud, alikuwa na simu mkononi. Alibonyeza tena. Akabonyeza tena, kama mtu anayeita lifti iliyoharibika.

Kulthumu aliteremka kwa jukwaa la mafundi, akavuka barabara. Dirisha la BMW lilipogongwa na mtutu, Arnaud alianza kueleza kwamba yeye ni msanifu, kwamba karatasi zake zote ziko sawa.

"Hata kupaka ukuta hujui," alisema Kulthumu. "Shuka."

Alimfunga pingu kwenye nguzo ya jukwaa, mbele ya saluni. Wateja walitoka na nywele nusu, wakamkodolea macho.

Walinzi waliokuwa naye chumbani walimshusha Vénérand. Gari lilikuwa linangoja, lakini alisimama mbele ya Arnaud.

"Ulitaka nisiwataje," alisema. "Basi wewe utasikia wa kwanza. Urbain. Peguy. Josias..."

Aliyataja majina ya wachimbaji waliofukiwa, moja moja, taratibu, na Arnaud hakuwa na pa kwenda.

Kulthumu hakungoja yaishe. Alirudisha Glock kiunoni, akajipangusa mchanga begani, akashika njia ya soko la Warwick kutafuta chai.