Robine Chini ya Bukari

Kila asubuhi Mama alinipa gamela ya Papa, ile ya bati yenye kifuniko, imejaa bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo. Shule yetu ilikuwa karibu na kiwanda alikofanya kazi Papa. Saa sita nikitoka darasani nilikimbia hadi mlango wa kiwanda, Papa akala, kisha akanirudishia gamela. Ajabu ni kwamba ilirudi nzito kuliko ilivyokwenda.

Chini aliweka vipande vya waya wa shaba, juu akatandaza bukari iliyobaki. Walinzi walipekua watu wazima. Mtoto wa kike na gamela yake, nani angemshughulikia? Miaka ile ya tisini mishahara ilikuwa imekatika, na wanunuzi wa shaba walipita hadi mitaani kwetu Likasi. Siku moja nilimwuliza, "Papa, huku si kuiba?"

"Hapana, Bénie. Habatulipi, tunajilipa. Weye beba tu, usiangalie watu."

Nilimwamini. Papa Kalenga alikuwa fundi hodari, mtu wa kanisani, nami nilimpenda mno.

Basi Jumanne moja asubuhi niliona robine, koki ya bomba la shuleni, imelegea. Ilikuwa ya shaba, na bomba lilikuwa kavu kwa sababu maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake. Nikaizungusha mara mbili tatu, ikatoka. Nikaitia ndani ya gamela na kuifunika kwa bukari, nikiwaza jinsi Papa atakavyofurahi. Mjinga mimi!

Saa nne maji yakarudi. Yaliruka kutoka kwenye bomba lililo wazi, yakaingia darasa la kwanza, daftari za wadogo zikalowa chapachapa. Mwalimu Philomène akapekua mizigo yetu yote. Alichokoa bukari yangu, akaitoa ile robine.

"Mutoto wa nyoka ni nyoka!" Alexis, mwanafunzi mwenzangu, akapiga kelele kutoka nyuma.

Mwalimu alimkazia macho, kisha akatuma mtu amwite Papa. Aliniambia wazi kwamba shule ile haikai na mwizi. Nililia kwa hofu, maana sikuwa na kitu nilichokipenda kama shule.

Papa alifika na ovaroli yake, akasikia habari, akavua mshipi palepale. "Nani alikufundisha kuiba? Sema! Kwetu hakuna mwizi!"

"Sikuiba, Papa," nikasema. "Nilijilipa. Chini shaba, juu bukari. Kama weye."

Papa aliitazama gamela. Kisha akaketi kwenye dawati letu dogo, mshipi bado mkononi. "Mwalimu, usimufukuze," akasema kwa sauti ya chini. "Ni minye nilimufundisha."

Mwalimu Philomène, ambaye naye hakuwa amelipwa tangu Pasaka, alivuta pumzi. "Basi mkarekebishe wote wawili, Papa Kalenga."

Papa aliikaza robine, mimi nikimshikia koleo. Tukapangusa darasa, tukaanika daftari juani. Mwalimu alimwita Alexis akamwambia, "Mtoto hazaliwi nyoka. Hufuata nyayo zilizo mbele yake. Baba huyu amegeuza zake leo, na wewe umeona."

Kesho yake Papa alirudisha kiwandani gunia la shaba lililokuwa chini ya kitanda. Walimsimamisha kazi mwezi mzima, tukala mboga za lengalenga tulizolima wenyewe, na Mama hakunung'unika. Papa alipoitwa tena kazini, nilimpelekea chakula kama zamani. Alikula yote, akaisuuza gamela, akaifunua mbele ya mlinzi.

"Beba, mama," akaniambia. "Na sasa, watu uwaangalie usoni."