Mrututu Bila Chokaa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Shangazi alikwenda nyuma ya nyumba kutazama nyanya zake. Mbegu aliachiwa na marehemu mama yake. Dukani hazipo. Mwaka ule alizipanda zote, hakubakiza. Kisha mguu ukamlaza hospitali.

"Mwanangu, nakuachia nyanya," aliniambia. "Ukikwama, muulize Bibi Shamba."

Bibi Shamba ni jirani yetu, mtaalamu wa kilimo.

Wiki ya pili majani yaliingia mabaka meusi. Nilijua ni ukungu. Nilijua pia dawa yake ni mrututu, yale mawe ya buluu ya Shangazi. Kwenda kuuliza niliona haya. Niliyeyusha konzi mbili kwenye maji ya ndoo ya chuma, nikanyunyizia mistari yote.

Siku ya tatu majani yalikuwa yamebabuka. Ndipo nikamwita jirani.

"Binti, umenyunyizia au umezipiga pasi?" aliuliza. Aliponiona nalia, akaacha utani. "Chokaa uliweka?"

"Chokaa si ya kupaka ukuta?"

"Na ya hapa pia. Mrututu una shaba, na shaba huzuia ukungu. Lakini peke yake ni mkali, huunguza majani. Chokaa huutuliza."

Aliinamisha ndoo. Ndani palikuwa na utando mwekundu. "Hii ndiyo shaba, imegandia chuma. Tumia plastiki."

Akanielekeza: gramu mia za mrututu, gramu mia za chokaa iliyozimwa kwa maji, maji lita kumi. "Nyunyizia mapema, kabla ukungu haujaenea. Kwanza chovya msumari safi. Ukitoka mwekundu, ongeza chokaa. Vaa glavu. Ni sumu, weka mbali na chakula na watoto."

Nilielewa yote. Miche ilikufa yote.

Shangazi alirudi akitembelea mkongojo. Alisimama bustanini.

"Kwa Bibi Shamba ni hatua ngapi?"

"Kumi na mbili, Shangazi."

"Haya."

Afadhali angenigombeza.

Tulipanda mbegu za dukani. Mvua zilipoanza, nilichanganya dawa kwenye plastiki, pamoja na chokaa. Msumari ulitoka vilevile ulivyoingia. Majani yalibaki kijani, nyanya zikazaa mpaka matawi yakainama.

Shangazi aliosha moja, akaionja.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, mwanangu."

Zile za mama yake hakuwahi kuziita nzuri. Aliziita tamu.