Koroboi ya Bawabu Hoza

Kishonavisa kilikimeza kitabu cha Tunu Mbwambo kwa muda wa kupiga chafya, kisha kikaanza kukishona. Watu waliofurika ukumbini Korogwe, jiji ambalo siku hizi minara yake inashindana na milima, walivaa kofiamaono wakaona sentensi zikigeuka kuta, askari na mvua ndani ya mchezo wa Ngome ya Saba. Ndiyo kazi ya mashine hiyo. Riwaya ya mchezo ikishachapishwa huingizwa mchezoni, na kilichoandikwa huwa ndicho kilichotokea. Kikipingana na mapokeo ya zamani, kitabu ndicho kinachoshinda, na kishonavisa hakijui kufumua.

Tunu alipigiwa makofi. Hakuwahi kuucheza mchezo huo hata siku moja, wala hakuona haya kulisema.

"Mimi ni mwandishi," alitamba jukwaani. "Mapokeo ya mchezo nawaachia watoto."

Watu wakacheka. Wachezaji wakongwe waliokaa nyuma walitazamana. Usilolijua ni usiku wa giza, na Tunu alikuwa akilitembea giza hilo kwa maringo.

Aliposhuka, mama mmoja alimsogelea, kofiamaono ingali mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Namsifu. Ni mama yake Hoza."

Tunu akatabasamu. Hoza alikuwa bawabu wa lango mchezoni. Kitabuni Tunu alimfanya msaliti, akamtupa gerezani. Alidhani anataniwa.

"Hoza yule bawabu?"

"Sauti ile na jina lile ni vya mwanangu. Alikuwa akicheza na wenzake tangu mdogo. Alipofariki, wenzake wakamwombea koroboi."

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mchezaji akifa, wenzake huomba sauti yake, iliyobaki katika kumbukumbu za mchezo, apewe mhusika mmoja. Mhusika huyo huwekewa koroboi inayowaka miguuni pake. Mwenye koroboi haguswi. Hata adui akiteka ngome humpita kwa heshima.

Uso ukamshuka Tunu. Koroboi aliikumbuka. Alipokuwa akiandika, mashine ya kuandikia riwaya za mchezo ilimwonya kwa maandishi mekundu: *Mhusika huyu ana koroboi. Asibadilishwe.* Yeye akadhani koroboi ni pambo, akaguna, akabonyeza "Endelea". Hakumuuliza mtu. Kuuliza kungemwonyesha kuwa hajui.

"Kila jioni naingia pale langoni," Bi Namsifu aliendelea. "Nikimsalimia huniuliza, 'Mama, umekula?' Ndivyo alivyokuwa akiniuliza tangu niugue vidonda vya tumbo. Leo nimemkuta gerezani. Nimemsalimia, kaniambia hanijui."

Tunu alitamani ardhi ipasuke immeze. Maneno hayo aliyatunga yeye. Aliyapenda kuliko yote kitabuni, na mhariri wake akayaweka kwenye jalada.

"Nisamehe, mama. Nitaandika kitabu kingine, nimrudishe langoni."

"Kitachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

Bi Namsifu alitikisa kichwa polepole. Hasira hakuwa nayo, na hilo ndilo lililomchoma Tunu zaidi, kwani matusi angeyajibu.

"Sisemi umemuua. Mwanangu alikwisha kufa. Lakini maneno yako umeyatia kinywani mwake, na wala hukumjua." Akamnyooshea kofiamaono. "Vaa ukamsikilize."

Tunu akavaa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Bi Namsifu akaazima nyingine kwa mchezaji mmojawapo, wakaingia pamoja.

Gereza lilikuwa kama alivyoliandika: mawe mabichi, harufu ya kutu, mvua juu ya bati. Kitu kimoja tu hakukiandika. Miguuni pa mfungwa koroboi ilikuwa ikiwaka, kwa kuwa kitabuni hapakuwa na sentensi ya kuizima.

"Hujambo, Hoza," Tunu alisema.

Kijana akainua kichwa. Sauti yake ilikuwa changa, yenye mkwaruzo kidogo na lafudhi ya Lushoto, sauti ya mtu aliyelelewa na watu wanaompenda.

"Sikujui," alisema. "Waliokuwa wangu niliwauza."

Tunu aliinamisha uso, aibu ikimwakia hadi masikioni. Maneno aliyojivunia yalisikika machafu. Alitaka kuivua ile kofia, akimbie, lakini Bi Namsifu alikuwa amekwisha kuchutama kando ya koroboi.

"Nimekula, mwanangu," alisema.