Kengele ya Seli

Profesa hakuwa na darubini. Hakuwa na koti jeupe wala kabati la vitabu, na subira ndiyo kabisa hakujaliwa. Jina hilo la utani alipewa na wenzake darasani, maana kila swali la sayansi alinyoosha mkono, awe anajua au hajui.

Jioni moja alikuwa akikunja nguo na shangazi yake, mfanyakazi wa maabara ya hospitali.

"Virusi vina koo zake, kama watu, mwanangu," shangazi alisema. "Kirusi cha mafua ya kawaida kikiingia ndani ya seli ya pua, seli hiyo humwaga molekuli za kuonya, kama kengele. Seli jirani hufunga milango. Kirusi cha ukoo mwingine, kama cha influenza, ile homa kali, huenda kikakuta pamefungwa."

Lile "huenda" liliingia sikio hili likatokea lile. Maabara ilikuwa imewaalika wanafunzi waandike barua kuhusu virusi. Mshindi angechungulia kwenye darubini kubwa. Profesa akaandika: "Mafua huzuia influenza." Alipougua influenza mwenyewe, akaona ushahidi umejileta. Mdogo wake alikuwa akichuruzikwa na kamasi za mafua. Akampa kikombe alichonywea yeye mwenyewe.

"Kunywa. Wewe una kengele."

"Isipolia je, dada?"

"Italia tu! Profesa nani hapa?"

Baada ya siku chache mtoto alilala hoi, akitetemeka kwa homa. Habari za kikombe hakuna aliyezijua. Profesa alitazama ile midomo iliyokauka, akashindwa kunyamaza. Akamwambia shangazi yote huku akilia.

Shangazi alimpeleka mtoto hospitali, akatibiwa. Homa iliposhuka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Dada, nipe maji. Kwa kikombe changu!"

"Kwa nini kengele haikufaa?" Profesa aliuliza.

"Labda ilichelewa. Labda kirusi kiliizima. Pengine virusi viwili huingia seli moja pamoja. Hata sisi bado tunachunguza."

Profesa akaiandika barua upya, kisa cha kikombe na swali la kengele vikiwamo.

"Sasa hawatanichagua."

"Huenda," shangazi alisema. "Lakini watakuamini. Mkweli huandika hata kile kinachomharibia hoja, na afya ya mtu si ya kujaribia dhana."

Profesa akatoa ulimi alambe gundi ya bahasha. Shangazi akakohoa kumkanya. Profesa akacheka, akalowesha kidole kwa maji, akaifunga, kisha akaitumbukiza katika sanduku la posta.