Mguu Uliosimama Kichwa Chini

"Msasa, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Jicho limo ndani ya fanicha. Ipi, hatujui. Kontena linafungwa adhuhuri. Ukilikosa, tunamkamata fundi."

Prastowo, ambaye Ofisi ya ujasusi ilimwita Msasa, alikuwa nyuma ya usukani wa Toyota Innova ya kukodi, kidude cha sauti kimezama sikioni. Ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka, Marten Oost alikuwa akibembeleza bei ya kigoda. Mzungu huyo alikuja Jepara, mji wa maseremala kisiwani Java, kununua fanicha za mkono, na Prastowo alikuwa dereva wake. Ndivyo Marten alivyojua.

"Fundi yupi, Kanali?"

"Sarwi. Mbao zake, mhuri wake. Anatosha."

"Ni baba mkwe wangu."

"Ndiyo maana tulikutuma wewe."

Simu ikakatika.

Jicho lilikuwa kioo cha kuongozea kombora, ukubwa wa gunzi la muhindi, limeibwa kutoka ghala la wanamaji Surabaya. Akilipata adui, makombora yote ya pwani yatakuwa vipofu. Mashine ya kuona ndani ya mbao iliombwa tangu mvua hazijaanza. Ilikuwa bado inasubiri sahihi ya mkubwa fulani, naye mkubwa alikuwa safarini. Wakubwa hawakosi safari. Ila lawama ikitafuta pa kulala, hulala kwa fundi.

Prastowo hakuhisi kitu. Tangu mkewe Lasmi afe, habari mbaya zilimpita kama maji juu ya mbao yenye vanishi.

Marten alirudi amekumbatia kigoda.

"Dereva, tazama! Kazi ya mkono hii! Haya, twende kwa Sarwi. Nataka kuiaga meza yangu."

Innova ikaondoka.

Kwenye kona ya kichochoro cha Sarwi kulikuwa na gari la polisi, vioo vyeusi, injini inanguruma taratibu. Prastowo akalipita bila kugeuza shingo.

Uani, wanawake wa kupiga msasa walikuwa wameketi chini, vitambaa puani, vumbi la mtiki limewapaka nyusi. Mama Tumini ndiye aliyemwona mzungu kwanza.

"Jamani, mchumba wa meza huyo kaja!"

"Juzi aliipapasa hadi nikaona haya mimi."

"Mkewe ana kazi. Lazima aote miguu minne ndiyo apendwe!"

Wakacheka. Kisha wakamwona dereva, na kicheko kikafa.

"Kumbe na wewe upo, shemeji," Mama Tumini alisema. "Leo umepata nafasi. Siku ya maziko hukupata."

Siku hiyo Prastowo alikuwa juu ya meli, bahari ya kaskazini, akiwafukuza watu kwa amri ya Kanali Hardiman, huyu huyu wa sikioni. Habari ya Lasmi ilifika Ofisini mapema. Ofisi ikaikalia, ati isivuruge kazi. Alipoambiwa, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Na hapa Jepara walimjua kama dereva wa watalii. Dereva gani hapewi ruhusa ya kuzika mke?

Mzee Sarwi hakuinua uso. Alikuwa na kofia yake nyeusi na saruni, sigara ya karafuu pembeni ya mdomo, patasi mkononi.

"Kahawa ipo," alisema.

Basi. Tangu msiba, hayo ndiyo maneno yake marefu kwa mkwewe.

Kontena lilikuwa wazi getini. Kabati, kitanda, viti, meza, vyote vilikuwa vimeviringishwa kwa karatasi ngumu na kufungwa kamba. Aliyesimamia upakiaji ni Gunadi, wakala wa Marten kutoka Jakarta. Shati la batiki la hariri. Viatu vya ngozi katikati ya maranda. Chini ya shati, kiunoni, uvimbe.

Glock, Prastowo akakisia.

Wakala wa viti, na bastola?

Akabonyeza saa yake ya Casio. Ndani mlikuwa na sindano ya sumaku ya kunusa chuma. Sindano ikazunguka kama mlevi. Ilikuwa inanusa kontena lenyewe.

Vifaa vya Ofisi hivyo.

"Msasa," sikio likasema. "Muda umekwisha. Naingiza polisi."

"Subiri," Prastowo alinong'ona.

"Waziri anasubiri jina. Ninalo moja."

Hapo ndipo Marten alipopaza sauti.

"Ngojeni! Picha moja na meza yangu!"

"Imeshafungwa, Mista," Gunadi alisema haraka.

"Moja tu! Mke wangu hajaiona."

"Nimesema imefungwa!"

Mikono ya uani ikasimama. Huko Java, mtu hampandishii sauti mnunuzi, hata kama mnunuzi ni mwendawazimu. Prastowo akamtazama Gunadi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Ofisi nzima ilikuwa ikimfuata mzungu. Mzungu alikuwa anapenda meza tu.

"Mteja hakatazwi, kaka," Prastowo alisema. Akachomoa kisu chake cha Victorinox, akakata kamba. Karatasi ikaanguka.

Mguu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mtiki safi, michirizi yake imechongoka kama ndimi za moto, ncha zikitazama juu.

Mguu wa nne ndimi zilitazama chini.

Prastowo aliganda.

Siku ya harusi yao, yeye ndiye aliyeunga kitanda. Lasmi, binti wa fundi, alikishika mguu mmoja akakataa kulala. "Umesimamisha mti kichwa chini. Kila mbao ina upande wa mizizi na upande wa kilele, na mizizi hukaa chini, hata ikiwa kigoda. Nyumba ya mti uliopinduliwa haina amani." Akamfanya akibomoe chote, huku anamcheka.

Jepara nzima hakuna fundi ambaye angeunga mguu huu. Hata mlevi. Hata kwa kulipwa.

"Nani kaunga mguu huu?" Prastowo aliuliza.

Gunadi akapeleka mkono kiunoni.

Prastowo alikuwa karibu na meza ya kazi. Akanyakua nyundo ya mbao.

Pigo moja. Kifundo cha mkono.

Glock ikaruka ikazama kwenye maranda. Mama Tumini akaivuta kwa mguu, akaikalia.

Gunadi akageuka akimbie. Viatu vya ngozi na maranda havielewani. Akaanguka kifudifudi, na kabla hajapumua mara mbili mikono yake ilikuwa mgongoni, imefungwa kwa kamba ya meza.

"Lo!" Mama Tumini alisema. "Dereva gani huyu?"

Mzee Sarwi alikuwa amesimama mbele ya meza. Bastola hakuitazama hata kidogo. Akaushika mguu wa nne.

"Nani kapindua mti nyumbani kwangu?"

Akagonga. Mguu haukuwa na kigingi, ulishikwa kwa gundi ya kiwandani. Ukatoka na kelele ya jino bovu. Ndani ulikuwa umetobolewa, na katika tundu, ndani ya sifongo, kioo kikang'aa.

Jicho.

"Kanali. Ninalo."

"Safi. Mfunge fundi, polisi wanaingia."

"Fundi hahusiki. Mguu ulibadilishwa na Gunadi. Uko kichwa chini."

"Unasema nini? Nimwandikie Waziri kwamba mti ulikuwa kichwa chini?"

"Mwandikie hivyo hivyo. Asipoelewa, amuulize aliyemjengea nyumba."

"Msasa, hiyo ni amri!"

Prastowo akamtazama Marten. Mzungu alikuwa bado ameinua simu yake, mdomo wazi. Alikuwa anapiga picha ya meza, akarekodi kila kitu.

"Kanali, uani kuna kundi la wanawake walioona bastola imetoka kwa nani. Na mzungu anayo yote kwenye simu. Ukimchukua mzee, itafika nchini kwao kabla ya chakula chako cha mchana."

Kiyoyozi cha Jakarta kilisikika kikipumua.

"Polisi wachukue mmoja," Kanali alisema hatimaye.

"Mmoja."

Akakichomoa kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye kopo la gundi.

Polisi wakaja, wakapewa Jicho na bastola, wakaondoka na mmoja.

"Na meza yangu?" Marten aliuliza, sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa.

"Mwambie asubiri," Mzee Sarwi alisema. "Namchongea mguu mwingine." Akachagua kipande cha mtiki, akatia alama ya chaki upande wa mizizi. Bila kugeuka akauliza, "Wewe uliujuaje?"

"Lasmi. Kwa sababu ya kitanda chetu."

Randa ikapita mara moja. Ikasimama.

"Unacho bado?"

"Ninacho."

"Unakilalia?"

"Nalala sakafuni, baba."

Mzee alimsogezea kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia, polepole, mpaka kikafika ukingoni mwa meza ya kazi, mbele ya mkwewe.

Prastowo akainywa yote hadi machicha. Hakusikia utamu wala uchungu. Akaweka kikombe, akainamisha kichwa, akapita katikati ya wanawake, ambao safari hii walisogeza magoti kumpisha. Akamwacha Marten akiingojea meza yake, akawasha Innova, akapandisha kioo, akaingia barabarani bila kutazama nyuma.